Gari la Saba Liko Uriri

Mwanamke aliyekataa kurithiwa ana maadui wengi kuliko mwizi wa ng'ombe. Mwizi hupigwa, hufungwa, husahauliwa. Mjane mkaidi hukumbukwa kila mvua zinapoanza. Phelesia aliyajua hayo yote, na bado mwaka wa sitini na sita ulimkuta palepale Uriri, kwenye boma la marehemu mumewe, akiwasagia watu mahindi kwa injini ya gari la mashindano.

Kwao kulikuwa Sori, katika Karungu, ufukweni mwa ziwa. Kwa hiyo Uriri walimwita nyar Karungu, binti wa Karungu, maana Wajaluo humwita mke kwa jina la kwao ili asisahau kwamba ametoka mahali. Naye hakusahau. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mizito na sauti iliyovuka ua wa watu bila kubisha hodi. Aliolewa na Nashon, fundi wa pampu katika machimbo ya Macalder, mtu mpole asiyependa ugomvi, na majirani walisema Mungu alimpa mke maneno ya watu wawili ili mume apumzike. Phelesia hakulikana jambo hilo.

Gari lilikuja na Nashon. Mwenye gari alikuwa mzungu mmoja wa mgodini, ambaye watu walimbandika jina la Rabuor kwa ajili ya ndevu zake nyekundu. Alilileta kwa meli ya bahari, halafu kwa treni, halafu kwa meli ya ziwa mpaka Homa Bay, na alipoliteremsha gatini watu walidhani ni mtumbwi wa chuma. Lilikuwa refu, limelala chini, halina paa, boneti yake imefungwa mkanda wa ngozi kama suruali ya mzee. Rabuor alisema gari hilo lilikimbia huko Ulaya mchana kutwa na usiku kucha, madereva wakipokezana, lenyewe lisilale. Mtu asiyejua njia ya Macalder angeamini kwamba gari la namna hiyo haliwezi kushindwa. Mvua za kwanza zikanyesha, udongo mweusi ukalishika, ekseli ikakatika, na gari lililoshinda usiku wa Ulaya likavutwa na ng'ombe mpaka kwa Nashon, Uriri. Rabuor akasema anakwenda kutafuta ekseli. Akaligawa gari kwa mdomo, akasema, "Nashon, nisiporudi ni lako," akapanda meli Homa Bay, na mpaka leo hajarudi.

Nashon alilitunza kama mgonjwa. Kila jioni ya Jumapili alilifunua, akalipangusa, akazungusha hendeli, akaisikiliza injini ikinguruma, kisha akaizima na kulifunika tena. Ekseli hakuipata. Phelesia alikuwa akimwambia kwamba angekuwa ameoa mke wa pili asingekuwa anamwosha hivyo, naye Nashon akicheka tu.

Mwaka wa hamsini na tisa homa ilimchukua Nashon kwa haraka, na hapo ndipo habari ya Phelesia inapoanza hasa.

Mazishi yalipokwisha na siku za matanga zikapita, wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu vya marehemu, kikao ambacho Wajaluo hukiita keyo nyinyo. Kitu kimoja kimoja huletwa mbele ya watu, kikaulizwa ni cha nani, aliyepewa akakishika hadharani, na kilichoshikwa siku hiyo hakirudishwi mezani. Walter, kaka mkubwa wa Nashon, alishika baiskeli. Alishika pia koti la mvua, cherehani, na sanduku la spana ambazo hakujua hata moja inafungua nini. Ilipofika zamu ya gari, watu wakasogea nyuma. Gari lisilotembea ndani ya boma la marehemu ni kitu cha kuogopwa. Wengine walisema limekaa kama jeneza linalosubiri mwenyewe. Wazee wakamuuliza Walter. Walter akalipiga teke gurudumu, akasema yeye na watoto wake hawana haja nalo, aachiwe mjane apikie uji ndani yake. Watu wakacheka. Phelesia, amenyoa kichwa, ameketi chini na wanawake, akainuka, akaenda akaweka mkono juu ya boneti, akarudi kuketi. Waliomjua walipaswa kuogopa hapo.

Baada ya miezi michache wakaja na lile jingine. Walter mwenyewe ndiye angemrithi, alale nyumbani humo, mjane asafishike, apande shamba lake. Phelesia alikuwa Msabato, na alikuwa pia nyar Karungu, na sijui ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa gumu zaidi kushinda. Aliwaambia kwamba aliolewa na Nashon, hakuolewa na ukoo mzima. Wakamtishia chira, ule ugonjwa wa kudhoofika unaompata avunjaye mwiko. Mvua zikaja, na jembe lake likaingia shambani kabla ya jembe la mtu yeyote wa boma lile, kinyume cha mila ya kusubiri wakubwa waanze. Uriri nzima ikakaa kusubiri akonde. Dua la kuku halimpati mwewe: msimu ule Phelesia alinenepa.

Lakini mtu halindwi na ukaidi peke yake. Alikuwa na mabinti wawili wa kusomesha, na kila jambo lililohitaji mwanamume, toka kupandisha paa hadi kukamua ng'ombe mkali, lilipitia kwa Walter, naye Walter alikuwa na jibu moja: nirithi kwanza. Phelesia akaona kwamba asipopata kitu cha kwake kinachokula na kuzaa, ipo siku atachoka, na siku ya kuchoka ndiyo Walter alikuwa akiisubiri. Akalitazama gari.

Alimwita Mwikwabe, fundi Mkuria aliyekuwa amefanya kazi na Nashon, wakazungumza Kiswahili kwa kuwa ndicho walichokuwa nacho wote wawili. Akamuuliza kama injini ya kukimbia inaweza kufundishwa kusaga. Mwikwabe akazunguka gari lile kutwa nzima, akivuta tumbaku.

"Mama, hii kitu ilizoea kukimbizana na wenzake," akasema. "Tukiifunga hapa peke yake, itakasirika."

"Ikasirike," Phelesia akamjibu. "Hata mimi nimefungwa hapa na nimekasirika, na kazi nafanya."

Wakaitoa injini, wakaifunga kwenye magogo ya mti mgumu, wakaiwekea pipa la maji ya kuipoza na mkanda wa kuzungusha mawe ya kinu. Iliwashwa kwa petroli, ikishapata moto ikabadilishiwa mafuta ya taa, na moshi wake ulitoa harufu ya taa za kanisani na ya gereji kwa pamoja. Sauti yake! Siku ya kwanza kuku wa Uriri walikosa kutaga. Wanawake wakaja na madebe yao kwa sababu kipya kinyemi, wakarudi kwa sababu unga ulitoka laini. Mtu mmoja tu wa boma lile hakuleta mahindi yake kusagwa, naye ni Kezia, mama yake Nashon na Walter, ambaye tangu ile habari ya kurithiwa alimsalimia mkamwana wake kwa kichwa tu.

Mwili wa gari ukatawanyika kama watoto wa tajiri. Magurudumu ya spoku yalifungwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliobeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sori. Bati lake la alumini liliyeyushwa likawa sufuria, na mpaka leo kuna nyumba Uriri ambazo wali wao huivia ndani ya ubavu wa gari la mashindano. Viti viwili vya ngozi vilienda Homa Bay kwa kinyozi karibu na gati. Na hapo kwa kinyozi ndipo mambo yalipoharibika.

Mwaka ule wa sitini na sita mzungu mmoja mwembamba aliyeitwa Bwana Hadley aliteremka Homa Bay, akaenda kunyolewa. Kazi yake duniani, kama mtu anaweza kuiita kazi, ilikuwa kutafuta magari ya zamani ya mbio ndefu na kujua kila moja liliishia wapi. Alikuwa amefuata fununu za gari la Rabuor mpaka kwenye ziwa lile, akakata tamaa, akaketi kwenye kiti cha kinyozi, akapapasa mshono wa ngozi chini ya mkono wake. Kinyozi anasema mteja aliruka na sabuni usoni. Siku iliyofuata alikuwa Uriri pamoja na karani wake, Mkisii aliyeitwa Ombati, na kabla hawajafika bomani Bwana Hadley akamwambia Ombati asimamishe gari. Kinu kilikuwa kinasaga. Mzungu akavua kofia katikati ya barabara, akasikiliza, machozi yakimtoka. Phelesia alipomwona alidhani ni malaria, akatoa kiti.

Kupitia kwa Ombati akamweleza kila kitu. Magari ya aina ile yalitengenezwa saba tu. La kwanza liliungua pamoja na dereva wake. La pili lilikatwakatwa wakati wa vita, chuma chake kikawa ndege. La tatu lilizama na meli, la nne lilipotea katika kamari ya watoto wa wafalme. La tano na la sita yako katika majumba ya matajiri, yanaoshwa kila wiki, hayawashwi kamwe. La saba alilitafuta miaka mingi, na sasa amelipata hapa, linatema unga. Phelesia alisikiliza kwa adabu, kwa kuwa habari ilikuwa nzuri, kisha akamwambia Ombati kwamba foleni ni ndefu.

Bwana Hadley hakuwa mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa lile la wageni wote: aliuliza mwenye boma ni nani. Akaonyeshwa Walter. Walter, ambaye tangu kinu kianze kusaga hakuwahi kuingia kwenye kibanda chake, akamwambia mgeni kwamba injini ni ya marehemu ndugu yake, na mali ya ndugu yake ni mali yake, na mjane ni mlinzi tu aliyewekwa hapo. Wakakubaliana kwamba mzungu atamletea Walter gari jipya la kubebea mizigo, naye Walter atamkabidhi injini. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini Walter hakuwahi kuwa mtu wa methali.

Phelesia alipata habari kutoka kwa Mwikwabe, ambaye aliajiriwa aje kuifungua injini, akaja kumwambia badala ya kuja na spana. Ilimchoma. Hakulia, alihesabu moyoni vitu ambavyo vingeondoka na injini ile: shule ya mabinti, paa lililoezekwa na mafundi wa kulipwa, haki ya kufunga mlango wake na kuufungua apendapo. Bila kinu angebaki mjane aliyekataa, mikono mitupu, na Walter mlangoni. Akaenda kwa chifu kabla ya Walter, akaomba baraza.

Baraza lilijaa. Walter alivaa koti la mvua la Nashon ingawa jua lilikuwa kali. Alizungumza vizuri, hilo lazima lisemwe. Alisema kitu cha mume hurudi kwa ndugu, alisema mwanamke hamiliki chuma, akasema ukoo umemvumilia nyar Karungu vya kutosha. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Chifu akamgeukia Phelesia.

Phelesia alieleza kwa ufupi habari ya kikao cha kugawa. Kila kitu kiliitwa, kila kitu kilishikwa. Gari liliitwa, Walter akalikataa, yeye akaliwekea mkono. Kama mgao ule si kitu, basi Walter avue koti sasa hivi na baiskeli iletwe, waanze upya. Watu wa nyuma wakacheka, na Walter akajifunga vifungo.

Lakini hakuwa mjinga yule bwana. Akampiga pale alipojua panauma.

"Nyar Karungu," akasema polepole, "mila ulizikataa wewe mwenyewe mbele yetu. Ulisema hutaki kurithiwa, ukapanda kabla ya wakubwa wako. Leo unataka mila zile zile zikutetee?"

Lilikuwa swali zuri, na Phelesia alilihisi kifuani kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Wazee walimtazama kwa hamu ya watu wanaosubiri mti mkubwa uanguke. Akajibu bila kupandisha sauti, jambo ambalo liliwashangaza kuliko maneno yenyewe.

"Mimi sikuziita hizo mila, shemeji. Mliziita nyinyi, zikakaa nanyi, mkaondoka na baiskeli na cherehani na koti. Kikao kilikuwa chenu. Nilichobakishiwa nilibakishiwa na nyinyi. Leo kimezaa ndio mnaona kwamba mimi si mtu wa mila?"

Walter akasema hakuwahi kulikataa gari, alisema tu likae kwanza. Chifu akauliza nani alikuwepo. Wazee wawili waliogawa siku ile walikuwa wamekwishakufa, na wa tatu alikuwa baba mkwe wa mtoto wa Walter. Akasema masikio yake ni mazee. Phelesia aliwatazama mmoja mmoja, watu waliocheka siku ile mpaka wakashika mbavu, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kutafuta kwenye vidole vya miguu yake. Hapo kwa mara ya kwanza aliogopa.

Kezia akasimama. Alikuwa mkongwe, na kusimama kwake kulichukua muda, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyejua anasimama kwa nani.

"Huyu mwanamke simpendi," akasema. "Alikataa kumrithisha mwanangu nyumba, na mpaka nakufa nitasema alikosa. Lakini nilikuwepo. Walter, ulilipiga teke. Ulisema wewe na watoto wako hamna haja nalo, na udongo wa ndugu yako ulikuwa bado mbichi. Nilitaka kukuzaba kofi siku ile. Nimechelewa, lakini nimesema."

Akaketi. Chifu, ambaye kama machifu wote alipenda kesi inayojimaliza yenyewe, akasema kilichoshikwa kimeshikwa, injini ni ya nyar Karungu, auze au asiuze ni juu yake, na baraza limekwisha. Phelesia alimtafuta Kezia kwa macho amshukuru. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumpa mgongo, na ilikuwa haki yake.

Sasa watu wote wakadhani wanajua kitakachofuata. Bwana Hadley, uso umemwiva kwa aibu, alikuja kinuni akaomba radhi kwa kumpita mwenye mali, kisha akatoa ahadi yake upya, kwa Phelesia safari hii. Angemletea injini mpya kabisa ya dizeli pamoja na kinu chake, na fundi wa kuifunga. Na nitasema ukweli kama ulivyokuwa: Phelesia alitaka kukubali. Dizeli inakula kidogo, haina hasira, na mgongo wake ulikuwa umechoka na hendeli. Mwikwabe naye alimnong'oneza kwamba hiyo ni bahati, mama, chukua.

Akamuuliza Ombati swali moja. Injini hii ikifika Ulaya, itafanya kazi gani?

Ombati akauliza, akajibiwa kirefu. "Anasema haitafanya kazi tena, mama. Itaheshimiwa. Watairudishia mwili wake, waiweke kwenye nyumba nzuri pamoja na zile mbili. Watu watakuwa wanakuja kuitazama."

"Haitawashwa?"

"Hapana. Itakaa tu."

Phelesia akacheka, lakini uso wake haukucheka. Kukaa tu ndiko alikotakiwa yeye miaka saba iliyopita, aheshimiwe, apewe mwanamume wa kumfunika, watu waje kumtazama jinsi mjane mwema anavyokaa. Alisikia hasira ikimpanda kutoka miguuni, hasira njema, ile iliyomwingiza shambani na jembe kabla ya wakubwa wake. Akasema hapana. Mgeni achukue viti vya kinyozi, achukue magurudumu kama mwenye omena atakubali, anunue sufuria za Uriri zote akitaka. Injini hatoi.

Bwana Hadley hakukasirika. Alikaa kwenye gunia akiitazama ikizunguka, mikono juu ya magoti, kisha akasema jambo kwa sauti ndogo, na Ombati akasita kabla ya kulitafsiri.

"Mama, anauliza kwa uzuri tu. Anasema hii injini ni mzee sana. Siku ikiharibika hakuna mahali duniani utapata spea yake. Sasa siku hiyo utafanya nini?"

Phelesia alikuwa ameshika mkanda wa kinu kwa kitambaa, akiusikiliza. Hakugeuka.

"Mwambie hata mimi hakuna duka linauza spea yangu," akasema. "Na kila asubuhi naamka."

Kisha akamwambia aliyefuata kwenye foleni amimine mahindi yake.